Kompyuta Iliyokalia Kiti cha Baba

Tulipomzika Mama Joselyne mwezi uliopita, mimi na wanawake wenzangu wa kwaya tulipewa kazi ya kutoa vitu katika nyumba yake ya Bredäng, pembeni mwa Stockholm, maana wenye jengo walitaka funguo zao. Nilijua nitalia, na nililia kweli, ila sikujua kama nitacheka pia. Nilicheka niliposhika rimoti ya televisheni. Ilikuwa bado imo ndani ya mfuko wa plastiki iliotoka nao dukani, mfuko uliochakaa na kugeuka rangi ya chai, na mahali pa kuongezea sauti pametoboka kwa kidole chake. Nikaangalia sofa: plastiki. Kofia ya taa ya mezani: plastiki. Friji aliyoletewa na wenye jengo zamani ilikuwa bado na utando wake wa bluu mlangoni. Mama Joselyne aliamini kuwa kitu kinaanza kuzeeka siku kinapovuliwa plastiki, na hakuna fundi, mchungaji wala mtoto aliyezaliwa Sweden aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo. Mwenzangu mmoja akaniuliza ninacheka nini mbele ya vitu vya marehemu. Nikamwambia, "Keti chini. Plastiki ya huyu mama nusura inikoseshe baba siku ya posa yangu." Nikaanza kuwasimulia, na nilipofika katikati wote walikuwa wameacha kufungasha.

Habari za ukoo wetu nitaziruka. Kila anayeandika maisha yake anaanza na babu, na babu zetu wameshasumbuliwa vya kutosha. Nasimulia mwaka mmoja tu, 2009, nilipokuwa mpangaji wa Mama Joselyne kwenye ghorofa ya saba, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama madirisha ya jengo la pili, na jengo la pili likatazama la tatu, mpaka kwenye miti. Yeye alikuwa mpishi wa shule, Mrundi kama mimi, mjane, na sauti ya pili katika kwaya yetu ya Kiswahili iliyowakusanya Warundi, Wakongo, Wakenya na Watanzania katika ukumbi wa kuazima. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kudumu mwaka ule katika nyumba moja ya wazee huko Södertälje, na nilipanda treni asubuhi nikiwa nimeshavaa kitambulisho cha kazi kifuani, kwa sababu nilitaka watu wa kwenye treni wakione. Sioni haya kulisema. Nilikuja nchi hii sijui hata kuomba maji ya kunywa, na sasa kulikuwa na wazee wa Kiswidi waliokataa kuogeshwa na mtu yeyote ila mimi. Nyumbani, niliishi zaidi jikoni kuliko chumbani. Huko kulikuwa na sufuria ya isombe, kisamvu cha kwetu, maharage yaliyowekwa mawese, na wale samaki wadogo wa Baltiki ambao Mama Joselyne aliwakaanga wakavunjika mdomoni, akawaita ndagala, kama dagaa wa ziwa letu, ili wasijione wageni.

Mwaka huohuo Mutua, Mkenya mrefu wa sauti ya besi aliyekuwa akiniudhi kwenye mazoezi kwa kuimba huku ananitazama, alisema anataka kutuma wazee. Kwetu posa si jambo la kusaini karatasi. Watu wanakaa, wanakunywa, washenga wa pande mbili wanatupiana maneno, na mwisho baba anasema kwa kinywa chake kwamba ametoa. Baba yangu alikuwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, fundi cherehani mstaafu ambaye miguu yake ilikuwa imekataa hata kumfikisha sokoni, sembuse kupanda ndege. Warundi wa Stockholm walikuwa wameshapata dawa ya tatizo hilo: mzee mmoja wa jumuiya anakaa kwenye kiti cha baba na kusema kwa niaba yake. Mzee huyo alikuwa Mzee Sylvestre wa Rissne, dereva wa basi, mtu wa tai na maneno mazito, aliyekuwa amewatoa mabinti wengi hata tukamwita baba mkwe wa taifa. Nilimheshimu sana. Lakini sikutaka anitoe yeye. Nilikuwa na baba, yu hai, ana kinywa chake, na nilitaka siku hiyo asikilizwe yeye.

Kikwazo kilikuwa kompyuta. Laptop yangu ya kwanza niliirithi kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa njiani kwenda kuitupa, akaona aibu kuitupa mbele yangu. Ilikuwa nzito kama tofali, na betri yake ilikuwa imekufa kabla sijajuana nayo, kwa hiyo haikuishi mbali na ukuta. Waya wa umeme ulishika pale tu ulipokunjwa upande na kuegemezwa kiberiti. Ukikohoa karibu, mashine inazima. Kioo nilikiegemeza kwenye birika maana bawaba moja ilivunjika, na feni yake ilivuma hata Mama Joselyne akiwa bafuni anapaza sauti, "Gloriose, unasaga unga?" Nikitaka kuipigia simu ya mkononi ya Baba kupitia mtandao siku ya Jumapili, niliiwasha kwanza, nikaosha vyombo, nikavikausha, nikarudi nikakuta ndiyo kwanza inafikiri. Kamera haikuwa nayo. Sauti ya Baba ilinifikia kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa, vipande vipande, na kila wiki kipande kilichopita salama kilikuwa kilekile: "Umekula?" Nilimjibu nimekula, nikamtajia nilichokula, na kabla sijafika kwenye mboga laini imekatika. Nilikuwa sijauona uso wake tangu nilipoondoka nyumbani, na yeye hakuwa ameuona wangu.

Basi nikachukua zamu za mwisho wa wiki, na majira ya kuchipua nikaingia duka la vifaa vya umeme mjini nikiwa nimevaa nguo ya kanisani. Kijana wa dukani akaniuliza kwa Kiswidi kama natafuta kitu cha bei nafuu. Nikamjibu kwa Kiswidi kilekile nilichojifunza kwa jasho kwamba natafuta kitu kizuri. Alinipa niishike, na jambo la kwanza nililofanya ni kumuuliza kama hawajasahau kuweka vitu ndani, kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa kiasi kwamba niliuona uso wangu kwenye mfuniko, na nikiri uso ule ulikuwa unatabasamu peke yake. Niliipakata kifuani ndani ya treni ya chini ya ardhi mpaka Bredäng, boksi lake limesimama magotini, na bibi mmoja wa Kiswidi, watu ambao kwa kawaida hawasemi na mtu, akanipongeza.

Nyumbani niliiwasha, nikaweka sikio juu yake kwa sababu sikusikia kitu nikadhani imegoma. Kumbe ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshainua kitambaa niende kukausha vyombo kwa mazoea, na mashine inanisubiri mimi! Vitufe vyake vilikuwa laini, vyote vina herufi zake, wala hakuna kilichohitaji kupigwa mara mbili. Kisha nikachomoa waya. Mama Joselyne akapiga kelele kidogo, kwa kuwa katika nyumba ile kuchomoa waya kulimaanisha msiba, lakini kioo kiliendelea kuwaka. Nikainuka nayo. Nikatembea nayo wazi mikononi kama mtu anayepeleka trei ya chai, kutoka jikoni hadi sebuleni, sebuleni hadi kibarazani, nikashuka nayo kwa lifti mpaka chumba cha kufulia chini kabisa, nikaiweka juu ya mashine ya kufua nikakunja shuka zangu huku inapiga nyimbo za kwaya. Jirani aliyekuja na kapu lake akanitazama, nikamsalimu kama malkia anavyosalimu. Juu ya kioo kulikuwa na kijitundu cha kamera, na taa yake ndogo ilipowaka mara ya kwanza nilijikuta nalainisha nywele. Ilikuwa mashine ya kwanza maishani mwangu kunitazama, na nilitaka inione nimependeza.

Sasa ndipo inapoingia plastiki. Kioo na fremu yake yote vilifunikwa na utando mmoja mwembamba, uliogandishwa kiwandani, wenye kijipembe kilichojitokeza ili mtu akivute. Nilikuwa nimeshakishika kijipembe hicho Mama Joselyne aliponipiga mkono.

"Weye! Unataka kuichuna kama ndizi?"

"Mama, hii ni ya kutolewa."

"Nani kasema? Walioitengeneza si wajinga. Wameivisha. Wewe unaivua siku ya kwanza, wageni wakija watajuaje kama ni mpya?"

Nilikuwa mpangaji, yeye alikuwa mama yangu wa huku, na kuhusu kitu chenye plastiki hapakuwa na mjadala ndani ya nyumba ile. Nikaiacha. Jioni nikakuta ameifunika na kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, kile kile alichofumia redio, nacho nikakiacha. Kwa wiki kadhaa nilifanya majaribio na dada yangu Concilie, aliyekuwa karani katika ofisi yenye intaneti mjini Bujumbura. Tulionana, tukalia, tukachekana nywele. Picha yangu ilikuwa na ukungu kidogo, na Concilie alisema naonekana kama niko nje na mvua inanyesha, lakini nani miaka ile alionekana vizuri kwenye simu ya video? Tuliisingizia mitambo ya Bujumbura, na mitambo ya Bujumbura haikuweza kujitetea. Baba hatukumsumbua kwa majaribio, kwa sababu ofisi ilikuwa juu ya ngazi, na ngazi zile angezipanda mara moja tu, siku yenyewe.

Jambo gumu likawa kumshawishi Mzee Sylvestre. Alikuja Bredäng Jumapili moja baada ya ibada, akala, akapangusa mdomo, akaitazama laptop yangu iliyokuwa chini ya kitambaa chake, kisha akanitazama mimi.

"Sikia, mwanangu," akasema. "Baba ni mtu wa kukaa. Anakaa kwenye kiti, watu wanamwona, naye anawaona. Hiyo ni simu tu, ila ina kioo. Wakwe watasema tumewapa mashine waongee nayo."

"Mzee, baba yangu si mashine."

"Sijasema hivyo. Donc, nasema hivi: mimi nimetoa mabinti hapa, hakuna aliyelalamika."

"Hakuna aliyelalamika kwa sababu hawakuwa na namna nyingine," nikasema. "Mimi ninayo. Nimeifanyia kazi."

Mama Joselyne alinikanyaga mguu chini ya meza, maana mzee hajibiwi hivyo, na Mutua aliyekuwa pembeni akajifanya anatafuta chumvi. Lakini Mzee Sylvestre hakukasirika. Alifikiri, akaifunua laptop, akaigusa kidogo kama mtu anayepima joto la mtoto, akaifunika tena. "Voilà," akasema. "Akituona na sisi tukamwona, yeye ndiye baba na mimi ni mshenga wake tu. Asipotuona, nakaa mimi kwenye kiti, na jambo linaendelea kama kawaida. Wageni hawatarudishwa kwa sababu ya mtambo." Nikampa mkono kwa mikono miwili. Mzee alipoondoka, Mutua alininong'oneza, "Aki Glory, huyu mzee wenu ni mkali." Nikamwambia ajiandae, wa Bujumbura ni mkali zaidi.

Siku ya posa ilikuwa Jumamosi mchana, kiangazi, madirisha yako wazi na watoto wa mtaa wanapiga kelele kwa Kiswidi chini ya jengo. Mama Joselyne aliamka kabla yangu. Alipika wali wa karoti, kuku, ndizi za kupika, isombe sufuria mbili, na wale ndagala wake wa Baltiki, kisha akasafisha nyumba kama anayetaka kuiuza. Nilipita sebuleni nikasikia harufu ya limau, ile ya mafuta ya kung'arishia meza, na nikamwona anakimbiza kitambaa juu ya kila kitu kinachong'aa. Sikufikiri zaidi. Mbele ya sebule kulikuwa na kiti kikubwa cha kulia chakula, chenye mto uliofunikwa plastiki, bila shaka, na plastiki ile ililia kila mtu alipokaa. Juu yake tulipanga vitabu vya nyimbo vya kwaya, na juu ya vitabu tukaiweka laptop, ili uso wa Baba uwe sawa na nyuso za wazee waliokaa. Mbele yake tukaweka kistuli chenye glasi ya soda, maana baba wa binti hawezi kukaa bila kinywaji. Concilie naye alikuwa amemnunulia soda ya rangi ileile kule, ili wanywe pamoja. Halafu mimi nikafungiwa chumbani. Binti anayeposwa haonekani wala hasikiki mpaka aitwe, na hilo Warundi na Wakenya walikuwa wamekubaliana bila hata kujadili.

Nilikaa kitandani nimevaa imvutano, lile vazi letu linalofungwa begani, na mlango niliuacha wazi upana wa kidole. Nilisikia wageni wakiingia na kuvua viatu. Nilisikia glasi zinagawiwa. Nikasikia ule mlio wa simu ya video, ukaita, ukaita, ukapokelewa, na sauti ya Baba ikaingia nyumbani. Haikutoka kwenye pipa. Ilitoka nzima, na kikohozi chake, na namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Nikashika mdomo. Mshenga wa upande wa Mutua, mwalimu mstaafu mwenye kipara aliyeitwa Mwalimu Kilonzo, akasimama na kusalimu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee wetu. Tumekuja kwa miguu yetu, na tuna jambo."

"Marahaba," akasema Baba. Kisha, "Nawasikia. Lakini siwaoni. Naona moshi. Nyumba yenu inaungua?"

Watu wakacheka. Mutua akasema ni mtandao, akakata simu, akapiga upya. Baba akarudi, akasema moshi bado upo. Concilie akasikika akiminya vitu upande wake. Mutua akaizungusha laptop kuelekea dirishani, Baba akasema sasa moshi umekuwa mweupe. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, na nikasikia sauti yake imeshuka. "Nimepanda ngazi nyingi, wanangu," akasema. "Nitampaje mtu binti yangu kama simwoni ninayempa? Na yeye mwenyewe, nitaondoka hapa sijamwona?"

Pale kitandani ile harufu ya limau ikanirudia, na nikaelewa yote kwa mara moja. Nikagonga ukuta. Mama Joselyne akaja mlangoni, amejipamba, amekunja uso.

"Tulia! Hujaitwa."

"Mama, ulipaka mafuta ya meza kwenye kompyuta?"

"Nimeing'arisha. Inang'aa mpaka unajiona."

"Umepaka juu ya plastiki, na plastiki imeziba kamera. Tafadhali, nenda uitoe. Vuta ile pembe tu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia akamvue mchungaji nguo. "Mbele ya wakwe? Leo ndiyo siku ya kuonekana mpya, halafu niivue? Plastiki haijawahi kumdhuru mtu. Ni Bujumbura hiyo, umeme wao." Akanivutia mlango, akarudi kwa wageni. Na hapohapo nikamsikia Mzee Sylvestre anasimama, kwa adabu, bila furaha yoyote; nataka niwe wa haki kwake. "Baba wa binti, utusamehe," akasema. "Tulikubaliana. Utasikiliza, na mimi nitakaa." Nikasikia laptop inainuliwa. Nikasikia vitabu vya nyimbo vinashushwa kimoja baada ya kingine. Nikasubiri kusikia ile plastiki ya kiti ikilia chini ya mtu ambaye si baba yangu, na nikaona siwezi kuisikia.

Nikatoka. Wengine wanasema nilikimbia. Si kweli, nilitembea, na nilitembea vizuri. Mwalimu Kilonzo alibaki na glasi hewani. Mutua alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama mmoja wa kwaya alisema "Yesu" kwa sauti ya kusikika. Sikumsalimia mtu, maana sikuwepo; binti ambaye hajaitwa hayupo. Nikaichukua laptop mikononi mwa Mzee Sylvestre, nikaipandisha tena kwenye kiti, nikaingiza ukucha chini ya kile kijipembe na kuvuta. Plastiki ilitoka yote kwa mvuto mmoja, ikilia kama nguo inayochanika, na nyuma yangu nikamsikia Mama Joselyne akiguna kama ameumizwa yeye. Chini yake kulikuwa na kioo ambacho sisi wenyewe tulikuwa hatujawahi kukiona. Tulidhani tumeonja upya wa mashine ile kwa miezi yote ile, kumbe tulikuwa tumeonja ganda. Na ndani ya kioo alikuwepo Baba, ameketi wima, ana mvi nilizokuwa sizijui, amevaa koti aliloshona mwenyewe, na glasi ya soda mkononi.

Alisogea karibu mpaka nikaona makunyanzi ya macho. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti bila kujua nimepiga saa ngapi.

"Kaneza," akasema. Jina hilo ni yeye tu aliyeniita.

"Naam, Baba."

"Nimekuona." Akafuta jicho kwa kiganja, kisha la pili. "Umekula?"

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko na kilio pamoja, na hata Mzee Sylvestre alitoa leso. Nikamwambia bado, Mama amepika, tunasubiri. Baba akatikisa kichwa, akanyoosha mgongo, na nikaona uso wake unabadilika kuwa uso wa mwenye nyumba. "Sasa rudi chumbani," akasema. "Hujaitwa. Na hawa wageni hawajanywa." Nikainuka na plastiki yangu mkononi, nikapita katikati ya watu waliojifanya hawanioni, nikafunga mlango. Sijawahi kurudishwa mahali nikafurahi namna ile.

Mzee Sylvestre hakukikalia kile kiti. Alivuta kistuli akakaa upande wa kulia wa laptop kama mshenga anavyokaa kwa baba, na kazi ikaanza. Nilisikia kila neno. Baba aliwasumbua wale Wakenya vilivyo. Alimtaka Mutua asimame ageuke aone kama miguu imenyooka. Alimuuliza Mwalimu Kilonzo kama kwao ng'ombe wana majina, na Mwalimu alipotaja moja, Baba akasema hilo ni jina la mbuzi. Aliuliza kama kijana anajua kula ndagala, na nikamsikia Mama Joselyne, aliyekuwa kimya tangu plastiki itoke, akijibu kwa sauti ya ushindi kwamba anawala kila Jumapili. Kila mzee aliposema, alisema kwa kukitazama kiti, si kwa kumtazama Mzee Sylvestre, na waliponyanyua glasi, walisubiri kwanza Baba anyanyue yake.

Baba alifariki kabla hajamshika Mutua mkono. Watu wamenipa pole kwa hilo miaka yote hii, na ninawashukuru, lakini sijioni mtu wa kupewa pole. Wanangu, ambao wananijibu Kiswidi ninapowauliza kwa Kiswahili, wanajua babu yao alimchekesha baba yao mpaka akamwaga soda kwenye sofa, na sofa haikudhurika, kwa sababu mnajua ilivyokuwa imefunikwa. Mama Joselyne hakukiri kamwe kwamba ni yale mafuta ya meza. Mpaka mwisho alisema ni umeme wa Bujumbura. Lakini ile laptop, iliyonihudumia hadi vitufe vyake navyo vikafutika, hakuipangusa tena, na plastiki niliyoiacha juu ya kitanda aliichukua, akaiosha, akaikausha kwenye kamba bafuni.

Hayo ndiyo niliyowasimulia wenzangu, tumekaa kwenye sofa inayolia, na rimoti mikononi mwangu. Walitaka kujua mwisho, ingawa wawili kati yao walikuwepo siku hiyo. Nikawaambia mwisho ni huu. Siku ile wazee walipomaliza, nilisikia Mzee Sylvestre anasema, kama inavyosemwa siku zote, kwamba sasa akina mama waende wakamwite binti. Nikasikia viti vinasogezwa, akina mama wanainuka. Halafu nikamsikia Baba: "Hapana. Kaeni. Nitamwita mwenyewe." Akavuta pumzi, kama alivyovuta zamani akisimama mlangoni Buyenzi kuniita nikiwa nimekwenda kucheza mbali, na akaniita, "Kanezaaa!" Sauti ikatoka kwenye kile kiti, ikapita sebuleni, ikapita jikoni kwenye masufuria, ikanifikia chumbani nzima bila kukatika. Nikafunga vazi langu vizuri begani. Nikamjibu kwa sauti, aisikie kule aliko, "Naam, Baba, ninakuja," nikafungua mlango.